Ruzuku Ndogo Inayorudi Kila Mwaka

Nimewahi kuomba ruzuku, na nimewahi kuitoa. Kwa miaka mingi nilikuwa mhasibu wa asasi ndogo ya msaada wa kisheria iliyowahudumia wajane na watoto walionyimwa mirathi. Baadaye nikaajiriwa kuwa mratibu wa wakfu wa familia moja, wakfu usio na mfanyakazi mwingine zaidi yangu. Familia yenyewe ndiyo bodi ya wadhamini: mama, watoto wake wakubwa, na mkwe mmoja aliyekuwa mkaguzi wa hesabu kabla hajastaafu. Ninayoyaandika hapa nimeyaona katika kazi hizo mbili, na yananirudisha kwenye jambo moja ninaloliamini kwa dhati: wakfu mdogo hauna sababu ya kuwaiga wafadhili wakubwa. Unaweza kutoa pesa isiyofungwa kwenye mradi, ukaitoa mapema, ukarudi nayo mwaka unaofuata, na wafadhili wengi wakubwa hilo hawaliwezi hata wakitaka.

Nianze na asasi, maana huko ndiko nilikojifunzia. Tulikuwa na mawakili wachache wa kujitolea, wasaidizi wa kisheria, karani mmoja na mimi. Kazi yetu ilikuwa ya subira. Mjane anafika na bahasha: cheti cha kifo, cheti cha ndoa kama kipo, nakala ya hati ya nyumba yenye jina la marehemu. Unamsikiliza, unamsaidia kuandika maombi, unamsindikiza mahakamani, kesi inaahirishwa. Mwezi ujao mnarudi, inaahirishwa tena. Hakuna mfadhili wa miradi anayelipia kuahirishwa kwa kesi. Waliotufadhili wengi walilipia semina: ukumbi, posho za washiriki, vipeperushi, bango lenye nembo. Semina zilikuwa na faida yake, sizibezi. Ila mjane aliyefundishwa haki zake kwenye semina alihitaji, wiki iliyofuata, mtu wa kufungua ofisi na kupokea simu, na mtu huyo hakuwemo kwenye bajeti ya mradi wowote.

Kibaya zaidi kilikuwa kile kipindi cha kati, mradi mmoja umekwisha na mwingine haujaidhinishwa. Mishahara inakwama. Wasaidizi wa kisheria waliozoea kazi wanatafuta ajira kwingine, na huwezi kuwalaumu, wana familia. Akiondoka mmoja, jalada linabaki kabatini, lakini mengi hayamo kwenye jalada. Nani anajua kwamba shahidi wa kesi fulani anamwogopa kaka wa marehemu na hatasema kitu mbele yake? Nani anajua kwamba yule binti mdogo huja ofisini peke yake tu, akiwa na mama yake hafunguki? Mfanyakazi mpya anaanza upya, na mjane anasimulia upya jambo ambalo kulisimulia mara ya kwanza lilikwishamtoa machozi.

Katika hali hiyo ndipo wakfu mmoja mdogo wa familia ulipoanza kutuchangia. Kiasi chenyewe hakikufika sehemu ya kumi ya bajeti yetu ya mwaka. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, na sentensi iliyobeba uzito ilisema fedha zitumike kwa shughuli za asasi kadiri bodi yetu itakavyoona inafaa. Nilitafuta kiambatanisho cha masharti. Hakikuwepo. Tulilipa kodi ya pango, mshahara wa karani, na ada ya mkaguzi wa nje.

Hiyo ada ya mkaguzi inastahili maelezo, kwa sababu watu wa nje ya kazi hii huwa hawaioni. Wafadhili wakubwa hudai hesabu zilizokaguliwa, mara nyingi za zaidi ya mwaka mmoja, kabla hawajafungua andiko lako la maombi. Asasi isiyo na pesa ya kumlipa mkaguzi haina hesabu zilizokaguliwa. Na isiyo nazo haimpati mfadhili wa kuiwezesha kumlipa mkaguzi. Wapo watu hodari, wanaofanya kazi ya maana mtaani, ambao wamekwama hapo kwa miaka. Sisi tulitolewa hapo na familia ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona ana kwa ana. Baada ya ukaguzi wa pili, shirika kubwa lililokuwa likitujibu kwa barua za heshima na kutukatalia likakubali kukaa nasi. Katika taarifa za shirika hilo ile familia haitajwi popote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanya kazi ngumu zaidi.

Gharama za uendeshaji zimepewa jina baya, na jambo hili linaniuma. Kwa muda mrefu wachangiaji walipima ubora wa asasi kwa asilimia inayokwenda kwenye utawala: ikiwa ndogo, asasi inasifiwa. Matokeo yake asasi zikajifunza kuficha. Mshahara wa mhasibu unakatwa vipande, robo unawekwa kwenye mradi huu na robo kwenye ule, mpaka karatasi ioneshe kwamba utawala ni kama haugharimu kitu. Mhasibu yeyote wa asasi anazijua karatasi hizo. Mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayowapa wachangiaji taarifa kuhusu asasi, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yaliwaandikia wachangiaji barua ya wazi yakisema kwamba asilimia ya utawala ni kipimo kibovu cha utendaji. Serikali kuu ya Marekani nayo, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja, yaani hizohizo za uendeshaji, ambacho mpokea ruzuku asiye na makubaliano maalumu anaweza kudai: kutoka asilimia 10 hadi 15. Nimefurahi kuyaona hayo. Lakini mfumo wa serikali huchukua miaka kubadilika, na familia iliyokaa mezani inaweza kuamua leo kwamba itamlipia mhasibu.

Nikiwa bado upande wa kuomba nilijifunza pia kuwasoma wafadhili kabla ya kuwaandikia. Kwa wakfu za Marekani jambo hili ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Kila wakfu binafsi nchini humo, yaani ule unaotegemea zaidi pesa za mtu, familia au kampuni moja, mkubwa kwa mdogo, hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo iko wazi kwa umma. Unaweza kuisoma bure kwenye intaneti. Ndani yake mna orodha ya waliopewa ruzuku na kiasi walichopewa. Mna pia kisanduku ambacho wakfu hukitia alama kama unatoa kwa asasi ulizozichagua wenyewe tu na haupokei maombi mengine. Ukikuta kisanduku hicho kimetiwa alama, usiteketeze wiki nzima kuandika andiko. Tafuta mtu anayefahamiana na familia, au asasi inayopokea kutoka kwao, uzungumze naye. Na kwa asasi iliyosajiliwa nje ya Marekani, ujue kwamba wakfu unaotaka kukupa pesa moja kwa moja hubanwa na sheria: ama wakfu wenyewe uthibitishe kwamba asasi yako inalingana na zile za hisani za kwao, ama usimamie matumizi yako kwa mkataba na taarifa maalumu. Familia nyingi ndogo hazina mwanasheria wa kazi hiyo, ndiyo maana hupitishia pesa kwa shirika la kati, linalozipokea kwa niaba ya asasi. Ukiulizwa kama unaye wa kukupokelea, hawakudharau. Wanatafuta njia.

Kisha nikavuka. Siku za mwanzo kwenye wakfu nilishangazwa na jinsi familia ilivyokuwa na hofu. Kule asasini tulidhani mwenye pesa hulala usingizi mnono. Mama alikuwa akiniuliza karibu kila tulipozungumza, "Mwanangu, tukikosea tukampa asiyestahili, si tutakuwa tumeitupa jasho la baba yao?" Mume wake aliijenga ile mali kwa biashara ya maisha yake yote, na aliacha maagizo mafupi sana: sehemu ya mauzo iwekwe mfuko wa kudumu, faida yake isaidie watu wa karibu. Watu gani, kwa njia gani, kwa muda gani, hakusema.

Swali la kwanza lilikuwa ni kutoa kiasi gani. Familia yetu haikuwa na sheria ya kuibana kuhusu kiwango, kwa hiyo mkwe alishauri tuangalie wengine wanafanyaje. Marekani, tangu sheria ya kodi ya 1969, wakfu binafsi hulazimika kutoa kila mwaka, na sasa kiwango ni takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zilizowekezwa, huku mapato halisi ya uwekezaji yakitozwa kodi ya asilimia 1.39. Kanada, kuanzia 2023, hudai asilimia 5 kwa sehemu ya mali inayozidi dola milioni 1. Kabla ya hapo ilikuwa 3.5. Uingereza haina kiwango cha lazima. Tukachukua asilimia 5 kuwa kipimo chetu, kwa makubaliano kwamba mwaka wa shida kubwa tunaweza kuivuka lakini mwaka wa raha hatutashuka chini yake. Makubaliano hayo yaliandikwa kwenye muhtasari na kusainiwa, na ninashauri familia yoyote ifanye hivyo mapema, watu wakiwa bado wanaelewana.

Swali lililofuata ndilo lililotutesa. Tuseme mfuko una milioni moja ya sarafu yoyote. Asilimia 5 ni 50,000. Ukigawa kwa asasi 20, kila moja inapata 2,500, pesa ya kununua kitu na kupigia picha. Ukigawa kwa asasi 5, kila moja inapata 10,000, na kama unarudi kila mwaka, hapo kuna mshahara wa mtu. Mama hakutaka kusikia habari ya asasi chache. Kwake yeye, aliyeomba asirudi mikono mitupu, na alikuwa na barua za waombaji kwenye mkoba, amezisoma zote, nyingine amezikunja kwa namna ya kuonesha kwamba ndizo zilizomgusa. Binti yake mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza, "Mama, hawa tuliowapa mwaka juzi, unajua wako wapi leo?" Mama akakaa kimya. Hakuna aliyejua, kwa kuwa tuliwapa mara moja tukapita.

Hawakukubaliana siku ile. Walichokubaliana baadaye ni mpango ambao hadi leo naona una busara: sehemu kubwa iende kwa asasi chache, kwa ahadi ya miaka mitatu inayoweza kuongezwa, na sehemu ndogo ibaki mikononi mwa Mama kwa ajili ya barua zake. Baadhi ya wataalamu wangeiita hiyo sehemu ya pili ni kukosa mkakati. Mimi nimeona asasi mbili kati ya zile tunazozisaidia kwa miaka sasa zikianzia kwenye mkoba wa Mama.

Nieleze jinsi kikao cha bajeti kinavyokuwa, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya mfadhili mwenye nia njema tu na mfadhili anayesaidia kweli inapojitokeza. Kuna asasi inayopeleka watu wa kujitolea kuwahudumia wagonjwa wa muda mrefu majumbani kwao: kumgeuza aliyelala muda mrefu asipate vidonda, kufuatilia dozi, kumpumzisha kidogo yule anayemuuguza. Kwenye bajeti yao palikuwa na mstari wa mabuti ya mvua na miavuli. Mmoja wa vijana wa familia, kwa nia safi kabisa, akasema mstari huo uondolewe na pesa iongezwe kwenye dawa. Mkwe akauliza kama tunaye mtu wa kutueleza. Nikampigia msimamizi wa wale wahudumu, simu ikiwa wazi wote wakisikia. Yule mama hakujitetea. Alisema tu kwamba msimu wa mvua njia hujaa maji, mhudumu mwenye viatu vya wazi huishia kwenye nyumba zilizo karibu na barabara, na wagonjwa wa ndani ndani hukaa siku nyingi bila mtu. Dawa zipo, akasema, zinatolewa kliniki. Mtu wa kuzifikisha na kusimamia zinywewe ndiye anayekosekana. Kijana aliyependekeza kuufuta mstari ndiye aliyeomba uongezwe, na makoti ya mvua yakaingia.

Nimekisimulia kisa hicho kwa waratibu wenzangu mara nyingi, nao huniuliza kama basi bodi isijadili mistari ya bajeti kabisa. Mimi nadhani ijadili, ila swali liwe "tueleze", lisiwe "ondoa". Familia ndogo ina nafasi ya kupiga simu palepale na kusikia sauti ya anayefanya kazi. Wafadhili wakubwa wana tabaka za maofisa katikati, na sauti hiyo ikiwafikia huwa imekuwa jedwali.

Kuhusu fomu sitasema mengi, ila nina msimamo mkali. Wakfu unaotoa kiasi kidogo hauna haki ya kudai andiko la kurasa nyingi. Saa za mkurugenzi wa asasi ni pesa, na nimeona ruzuku ambazo, ukihesabu muda wa kuziomba, kuzitolea taarifa na kujibu maswali ya ziada, zilimgharimu mpokeaji karibu kile alichopewa. Sisi hupokea andiko lililoandikwa kwa ajili ya mfadhili mwingine, na taarifa ya mwaka ileile ambayo asasi huwapa wanachama wake. Kisichomo tunauliza kwa simu. Uingereza, tangu 2021, wapo wafadhili waliojiunga chini ya taasisi ya utafiti iitwayo IVAR na kukubali hadharani ahadi nane, ikiwemo kutopoteza muda wa waombaji na kuuliza yale tu yanayohusika. Na Machi 2020, corona ilipoingia, wakfu nyingi za Marekani zilitia saini ahadi ya kulegeza masharti: pesa za mradi zigeuzwe kuwa za matumizi huru, tarehe za taarifa zisogezwe. Ninachojiuliza ni kwa nini ilisubiriwa janga. Kwa mjane aliyefungiwa nyumba na shemeji zake, janga lilikuwepo tangu zamani.

Kuna jambo moja nililolianzisha mimi kwenye wakfu, na ninalipenda kuliko mengine. Zamani familia ilitembelea asasi kabla ya kuamua. Nilikumbuka ziara za aina hiyo nilipokuwa upande wa pili: ofisi inapigwa rangi, walengwa wanaambiwa waje na waseme nini, mkurugenzi hatoi hata tatizo moja kwa kuwa tatizo linaweza kumponza. Nikaomba tugeuze. Tunafanya uamuzi kwa kusoma hesabu, kuuliza asasi jirani na kuzungumza na watu wanaohudumiwa, tunatuma pesa, halafu ndipo tunatembelea. Mazungumzo yalibadilika mara moja. Mkurugenzi ambaye pesa imeshaingia benki anaweza kukuambia kwamba mwenyekiti wake ameacha kuhudhuria vikao, kwamba gari wanalodai linafanya kazi limelala miezi, kwamba anafikiria kuacha kazi kwa kuchoka. Mambo hayo matatu niliyasikia kwa watu tofauti, na kila moja tulilifanyia kitu. Yule aliyechoka tulimlipia likizo na mtu wa kumshikia nafasi. Yupo kazini hadi leo.

Nisiwapambe watu wa familia kupita kiasi. Wakfu ndogo zina maradhi yake, na mengi ni ya udugu. Mpwa anaanzisha asasi wiki chache baada ya mfuko kutangazwa. Mtoto mmoja anataka ruzuku zote ziende kwenye shule aliyosoma. Ndugu wawili wamegombana kwa mambo ya nyumbani, na ugomvi unaingia kwenye ajenda ukiwa umevaa maneno ya sera. Asasi inayosubiri jibu haijui lolote kati ya hayo. Inaona tu kwamba barua haiji. Sheria ya Marekani imekwenda mbali katika hili: hairuhusu wakfu binafsi kufanya biashara na familia iliyouanzisha, na hata kuupangisha wakfu jengo la mmoja wa wanafamilia kwa bei ya haki ni marufuku, isipokuwa jengo litolewe bure. Sisi hatukufika huko, lakini tuliandika kwamba mwenye undugu na mwombaji hutoka chumbani, na kutoka kwake huandikwa. Mara ya kwanza kulitekeleza hili, aliyetoka ni Mama mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyebisha.

Mfano ninaoutumia sana ninapozungumza na familia zinazoanza ni wa Julius Rosenwald, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck. Alishirikiana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, kusaidia kujenga shule za watoto weusi vijijini, kwanza chache tu mnamo 1912 na 1913, kisha karibu 5,000 katika majimbo ya kusini. Mfuko wake, ulioanzishwa 1917, haukujenga peke yake. Ulitoa sehemu, na jamii yenyewe pamoja na serikali za pale zikatoa sehemu: pesa, ardhi, mbao, nguvu za mikono. Shule zikawa za watu. Lakini ukiangalia vizuri utaona uzito pia: wazazi weusi walikuwa tayari wanalipa kodi iliyojenga shule za wazungu, kisha wakachanga tena kwa ajili ya zao. Ndiyo maana sharti la mchango wa jamii ninalipokea kwa tahadhari. Mchango unaotoka kwa hiari huipa asasi mizizi. Ukiwekwa kuwa sharti lenye asilimia, wanaoshindwa kuufikisha ni walewale uliokusudia kuwasaidia. Sisi huuliza jamii inachangia nini, tunakihesabu hata kama ni muda, na hatuweki kiwango.

Rosenwald pia hakutaka mfuko wake uishi milele. Aliagiza pesa yote, mtaji na faida, itumike ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1932, na mfuko ukafungwa 1948, kabla hata ya muda huo. Familia nyingi hushtuka nikiwaambia hilo, kwa kuwa wanafikiria wakfu kama kumbukumbu ya mzazi. Sina jibu moja kwa wote. Nachojua ni kwamba asasi huumia zaidi na mfadhili anayeondoka ghafla kuliko anayetangaza mwisho wake mapema.

Kwa hiyo kuondoka tumekuandikia utaratibu sawasawa na kuingia. Asasi huambiwa mwaka mzima kabla, kwa mdomo na kisha kwa barua, na sababu inatajwa wazi ili bodi yao iweze kuionesha kwa wafadhili wengine bila watu kudhani kuna wizi. Ruzuku ya mwisho haipunguzwi. Huwa kubwa kuliko zilizotangulia, na nyongeza huombwa iwekwe akiba, angalau mishahara ya miezi mitatu, kwenye akaunti ambayo haiguswi bila azimio la bodi. Mimi na mkwe huandika barua ya utambulisho kwa yeyote watakayetaka kumwomba, na namba yangu ya simu huwekwa humo. Asasi ya kwanza tuliyoachana nayo kwa utaratibu huu ilipata mfadhili mwingine mwaka uleule. Ofisa wao alinipigia, akaniuliza swali moja tu: kama hesabu zao zimekaguliwa. Nikampa jina la mkaguzi na miaka yote aliyowakagua.